Puto Halina Kusi

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu ilikuwa kulikimbiza puto kwa gari. Abiria wakishapaa alfajiri juu ya Serengeti, sisi wa chini tulirundika feni na kamba garini tukawafuata kokote waendako. Siku niliyomweleza baba kazi hiyo alikuwa ameketi barazani, ameshaacha unahodha. Akaniuliza mawili.

"Usukani wake uko wapi?"

"Hakuna, baba."

"Na kurudi, mnarudije?"

Tangu hapo kila nikisoma habari za safari ndefu za puto, nazipima kwa maswali hayo ya mzee.

Nianze na usukani. Puto huenda upepo uendako, lakini angani upepo si mmoja. Wa chini waweza kuelekea magharibi na wa mita mia mbili juu yake ukaelekea kusini. Kabla ya kupaa, rubani wetu aliachia kiputo kidogo chenye taa, nasi tukakitazama gizani kinavyopanda. Pale kilipokata kona, ndipo alipojua apande hadi wapi. Kupanda na kushuka ndio usukani wenyewe.

Taabu ni gharama yake. Katika puto la gesi, ukitaka kupanda unamwaga mchanga, ukitaka kushuka unaachia gesi, na ukishatoa umetoa. Januari 1785 Blanchard na Jeffries walivuka bahari kutoka Uingereza hadi Ufaransa wakitupa kila kitu wasizame, mpaka nguo walizovaa. Juni mwaka huohuo Pilâtre de Rozier, mmoja wa watu wawili wa kwanza kupaa bila kamba mwaka 1783, alijaribu njia nyingine: haidrojeni juu, hewa ya moto chini yake, ili moto ufanye kazi ya mchanga. Puto lilianguka, akafa yeye na mwenzake.

Wazo halikufa. Mwaka 1863 Jules Verne, ambaye hakuwahi kukanyaga Unguja, alitoa riwaya iliyowapaisha wasafiri watatu kutoka hapa kwetu hadi Mto Senegal kwa majuma matano. Aliwapa mtambo wa kuipasha gesi joto, wapande na kushuka wakitafuta upepo bila kupoteza chochote. Tarehe ya kuondoka aliwapa 18 Aprili. Baba angewaambia wangoje: hiyo ni masika, kaskazi imekwisha na kusi haijatulia.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1962, Mwingereza Anthony Smith aliijaribu safari hiyo kwa kweli, japo kwa kipande. Alikuja Unguja na puto la haidrojeni aliloliita Jambo. Pamoja naye walikuwa Douglas Botting na mpiga filamu Alan Root, aliyekulia Kenya. Walivuka kwenda Tanganyika, iliyopata uhuru Desemba 1961, wakitoka Unguja iliyokuwa bado chini ya Mwingereza; kisha wakapaa Ngorongoro. Hawakuwa na mtambo wa Verne. Kitabu cha Smith kilichotoka 1963 jina lake ni amri ya kumwaga konzi mbili za mchanga. Root naye, katika miaka ya 1970, alianza kupaisha watalii kwa puto kule Maasai Mara. Ugali wangu ulitoka huko.

Sasa swali la pili. Jahazi la baba lilishuka Rufiji na kaskazi kufuata boriti, likapanda na kusi. Puto halina kusi. Aliyepaa hurudishwa na watu wa chini, na asipokuwa nao safari yake ni ya kwenda tu. Julai 1897 Mswidi Salomon August Andrée, pamoja na Strindberg na Frænkel, walipaa kutoka Svalbard wakiitafuta Ncha ya Kaskazini. Siku ya tatu puto lililala juu ya barafu. Nyuma yao hapakuwa na gari wala merikebu. Walikaa barafuni zaidi ya miezi miwili, wakitembea kisha wakichukuliwa na barafu, wakafia kisiwa cha Kvitøya. Miili yao ilionekana 1930, pamoja na picha walizopiga.

Machi 1999 Bertrand Piccard na Brian Jones waliizunguka dunia bila kutua, siku 19 na ushei, kilomita 45,755. Puto lao lilikuwa na hewa ya moto pamoja na heliamu, gesi isiyowaka, Rozier angelitambua. Wataalamu wa hali ya hewa waliobaki Uswisi ndio waliowaambia wapande kiasi gani na lini. Walitua jangwani Misri, wakakaa mchangani kungoja helikopta ije kuwachukua.

Nilimjibu baba kwamba tunawafuata kwa gari.

"Na gari likikwama?"

Lilikwama, msimu uliofuata. Abiria kumi na wawili walikaa juu ya kikapu kilicholala ubavu, umbali wa kuitana, wakitutazama tukichimba tope jeusi ng'ambo ya kijito. Asubuhi ile walikuwa wamemuuliza rubani maswali mengi kuhusu upepo. Sasa waliuliza moja tu, na ni sisi waliotuuliza: tutafika lini.