Namba Kifuani

Katika nchi nyingi sheria inamtaka dereva wa teksi, au wa gari lolote la kukodi, avae kitambulisho mahali ambapo abiria atakiona bila ya kukiomba. Kwa mtu asiyejua habari zetu hili ni jambo dogo lisilostahili kuandikiwa insha. Kwetu sisi wa Kilosa si dogo hata kidogo, kwa sababu neno "namba" lilifika huku muda mrefu kabla ya teksi, nalo lilikuja na mkonge.

Wazee wetu wengi waliletwa kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na kwingineko wilayani. Walitoka Songea, Njombe, Kigoma, na wengine nje ya mipaka ya Tanganyika, wakiwa wameandikishwa kwa mkataba. Tangu mwaka 1944 kazi ya kuwaandikisha ilikuwa chini ya ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kutokana na namba hiyo watu hao wakaitwa manamba. Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao. Asubuhi aliitwa kwa namba, na malipo yake aliyapokea kwa namba pale kipande chake kilipojaa. Kipande chenyewe kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi; kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa alitiliwa alama, na siku aliyoshindwa hakutiliwa kitu, hivyo kwamba "mwezi" wa baba ungeweza kuchukua wiki sita. Nimekua nikisikia neno manamba likitumika kama tusi. Watoto wa mjini walitutukana kwa neno hilo sisi wa makambini, na aghalabu ngumi zilifuata.

Wenzetu wa Kenya waliona makubwa zaidi. Huko, kwa sheria ya mwaka 1915 iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na kuendelea alitakiwa kuwa na kipande chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za waajiri wake, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Harry Thuku alipokamatwa mwezi Machi 1922, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyokuwa akiyapinga hadharani.

Sasa tazama, ndugu msomaji. Miaka mingi kabla ya hapo, serikali hiyohiyo ya Waingereza ilikuwa imewavika namba watu wake wenyewe. Sheria ya London ya mwaka 1843 ilimtaka kila dereva wa gari la farasi la kukodi avae bamba lenye namba yake kifuani, wakati wote awapo kazini, na maandishi yote yasomeke. Sidai kwamba waliotunga sheria hiyo walikuwa na huruma kwa wanyonge. Abiria wa magari yale alikuwa bwana mwenye fedha, na dereva alikuwa mtu wa chini. Lakini namba ile ilimtazama abiria. Aliyetozwa kupita kiasi, au aliyesahau mfuko wake garini, aliweza kuishika kichwani na kuipeleka kwa hakimu. Kipande cha baba yangu hakuna mpita njia aliyekisoma, wala hakikumpa mtu yeyote haki ya kudai chochote. Kilisomwa na karani na nyapara basi.

Jambo jingine la London linanigusa kama mwalimu. Dereva wa teksi anayetaka beji ya kijani, inayomruhusu kufanya kazi jiji zima, sharti afaulu mtihani wa kukariri mitaa ipatayo 25,000, na wengi huchukua miaka mitatu au minne kuusomea. Kwa hiyo bamba lililoanza kama alama ya mtu anayechungwa limegeuka cheti ambacho mtu anakivaa kwa majivuno. Madereva wa magari madogo ya kukodi waliletewa masharti yao baadaye sana. Nje ya London ni kwa sheria ya mwaka 1976, nayo pia inadai beji ivaliwe mahali pa wazi. Hata Waingereza, kwa ukaidi wao wote, hawakuona ajabu.

Sheria yetu ilikwenda njia nyingine. Sheria ya Leseni za Usafirishaji ya mwaka 1973 ililitazama zaidi gari. Gari ndilo lililopewa leseni ya kubeba abiria, gari ndilo lililobandikwa karatasi kwenye kioo. Mpaka leo gari la biashara tunalitambua kwa kibao cheupe cha namba na la mtu binafsi kwa kibao cha njano, na teksi za mijini zikachorwa mstari wa rangi ubavuni. Mtu aliyeshika usukani hakuvaa kitu. Leseni yake ya udereva ilikaa mfukoni, na aliyekuwa na uwezo wa kumwambia aitoe ni askari wa usalama barabarani, si mama aliyekaa kiti cha nyuma na mtoto mgonjwa.

Nilipoanza kufundisha, mwaka 1973, nikiwa nimetoka chuo cha ualimu na sanduku moja la bati, jambo hilo halikuwa na madhara. Teksi za Kilosa zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Dereva ulimjua yeye, ukamjua mama yake, ukajua anadaiwa wapi. Akikuudhi ulikwenda kumshtaki kwa mjomba wake. Beji gani ingeshinda hiyo?

Pikipiki ndizo zilizotutoa huko. Nakumbuka vizuri kwa sababu zilishamiri wakati ule ule wa mafuriko. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika, ukaacha maelfu ya watu bila makazi na kuibomoa reli, na watu waliozoea treni wakawa hawana budi kutegemea barabara. Mwaka huohuo wa 2010 zilitoka kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria. Katika muda mfupi kila njia panda ya wilaya ilikuwa na kijiwe, na kila kijiwe kina vijana ambao hakuna aliyejua mama zao.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa mwisho kwangu kazini. Mvua ilinyesha mchana, na mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, msichana wa miaka 12, akapandishwa pikipiki na kijana aliyejitolea kumfikisha nyumbani bila malipo. Walianguka karibu na daraja. Kijana aliinua chombo chake, akaondoka, akamwacha mtoto kwenye tope na mguu uliovunjika. Niliwakusanya wanafunzi waliomwona akipanda. Wote walisema pikipiki ilikuwa nyekundu na kijana alivaa kofia. Siku hizo nusu ya pikipiki za Kilosa zilikuwa nyekundu, na kofia walivaa wote. Kibao cha namba cha nyuma kilikuwa kimejaa udongo. Baba wa mtoto aliuza mahindi yake yote kwa ajili ya matibabu, na yule kijana hakupatikana mpaka leo. Pengine nimewahi kupanda pikipiki yake. Tangu siku hiyo sijaweza kuliona suala la namba kifuani kama usumbufu wa maofisa.

Uone na Mikumi, ambako nimehamia baada ya kustaafu. Ni mji wa njia panda: barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia inapita katikati, kusini unakwenda Kidatu na Ifakara, kaskazini unakuja Kilosa. Tangu mwaka 2023, mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya marufuku ya miaka mingi, abiria wanateremka hapa saa nane za usiku, mgeni kabisa, simu imekwisha chaji, na upande mmoja wa mji ni mbuga yenye simba na tembo. Kilosa mjini nako treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 inateremsha watu na mizigo yao. Wanajikabidhi kwa mtu wa kwanza atakayesema "karibu, mama." Hao ndio ninaowafikiria.

Hapa Mikumi mwenyekiti wa kijiwe kimoja ni mwanafunzi wangu wa zamani. Wenyewe, bila kusukumwa na mtu, walichanga fedha wakashona vizibao vyenye jina la kijiwe na namba mgongoni na kifuani. Nilimpongeza. Akacheka, akasema, "Shikamoo Mwalimu, lakini usifurahi mapema. Namba 14 wiki iliyopita ilivaliwa na watu watatu."

Akanieleza jinsi kazi ilivyo. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Mwenye chombo anampa kijana kwa hesabu ya kila siku, au kwa mkataba wa kulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chake. Kijana akiumwa, au akitaka kulala, humwachia deiwaka aendeshe saa chache, na kizibao humwachia pamoja na funguo. Kwa hiyo abiria akija kulalamika kwamba namba 14 amemtoza mara mbili, namba 14 mwenyewe anaapa alikuwa kitandani, na anasema kweli. Namba iliyotungwa ili imtambulishe mtu imekuwa mali ya pikipiki, sawa na kibao cha nyuma. Ni ile sheria ya mwaka 1973 inajirudia bila wao kujua.

Lakini aliyenipa kazi ya kufikiri zaidi ni mzee mmoja wa teksi, mtu wa rika langu kasoro miaka michache, naye mtoto wa makambi ya mkonge kama mimi. Yeye hataki namba wala jina. "Mwalimu," alinambia, "namba hiyo ni ya nani? Ni ya abiria au ni ya trafiki?" Akasema kwamba abiria mlevi asiyetaka kulipa huisoma namba kwa sauti kubwa na kutishia kushtaki, kwamba jina kamili kifuani ni zawadi kwa jambazi anayetaka kujua nyumba yake ilipo, na kwamba siku askari wakitaka wa kumtia hatiani, watachukua walio na namba na kuwaacha wasio nazo. "Baba zetu waliitwa kwa namba. Mimi niitwe kwa namba tena, na Uhuru tumepata?"

Sikubaliani naye, ila sithubutu kusema hana hoja. Hofu yake ya jina naiona ni ya haki, na ndiyo maana napendelea namba kifuani na jina kwenye daftari la kijiwe, litakalofunguliwa pale tu penye lalamiko. Kuhusu kipande nadhani anachanganya vitu viwili. Ila siwezi kumwambia kwamba historia imemdanganya. Kenya, kanuni za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliwavika madereva wa matatu buluu na makondakta rangi ya damu ya mzee, zikataka na picha ya dereva iwekwe ndani ya gari. Wenye matatu wakagoma na watu wakatembea kwa miguu, lakini abiria wengi walizipenda. Dar es Salaam, teksi za kuitwa kwa simu zilipoingia mwaka 2016 vijana walipokea bila kelele jambo kubwa kuliko beji: jina, picha na namba ya gari vinamfikia abiria hata kabla dereva hajatokea. Hakuna aliyesema amefanywa manamba. Nionavyo mimi, ni kwa sababu dereva naye analiona jina la abiria.

Serikali nayo imeanza kumtazama mtu. Baada ya LATRA kuundwa kwa sheria ya mwaka 2019, zilitoka kanuni za mwaka 2020 za kuthibitisha madereva wa vyombo vya biashara na kusajili wahudumu wao. Ni hatua njema, ingawa kutoka mezani kwa mdhibiti mpaka kijiweni Mikumi saa nane za usiku ni safari ndefu.

Mwaka jana, katika mkutano wa mtaa, nilipendekeza ubao. Uwekwe kijiweni, mbele ya taa ya duka, uwe na namba zote za vizibao, na chini yake simu ya mwenyekiti, kwa maandishi makubwa ambayo hata mimi naweza kuyasoma bila miwani. Lilizuka zogo la karibu saa nzima, hasa kuhusu deiwaka, mpaka ikakubaliwa kwamba deiwaka awe na namba yake mwenyewe yenye herufi ya D mbele, na asipewe funguo bila kizibao chake. Ubao umesimikwa. Namba 14 imeandikwa, na D14 chini yake. Mahali pa yule mzee wa teksi pameachwa wazi. Yeye bado anabeba abiria, na mimi mwenyewe nikiwa na safari ya Kilosa humwita yeye.