Vineno vidogo vyenye vinashika Kijapani: historia ya wa, ga, o na no

Tangu simu zituletee programu za kujifunza lugha, wengi kati yetu wameanza Kijapani. Kuna wenye wanapenda katuni za kule, kuna wenye wanatafuta ufadhili wa masomo. Na karibu wote wanakwama pahali pamoja. Mtu anajua maneno 300 kwa kichwa, lakini ukimpa sentensi ya maneno 5 tu, hasikii kitu. Anasema lugha hii haina kanuni. Kanuni iko, lakini inakaa mu vineno vidogo vyenye yeye anaruka. Na vineno hivyo viko na historia yao.

Tuanze na sentensi moja: Sensei ga hon o yomu. Sensei ni mwalimu, hon ni kitabu, yomu ni kusoma. Ga inaonyesha nani anafanya, o inaonyesha kitu chenye kinafanyiwa. Sasa geuza: Hon o sensei ga yomu. Bado ni mwalimu anasoma kitabu. Kwetu nafasi ya neno inasema mengi: "mbwa aliuma mtoto" na "mtoto aliuma mbwa" ni habari mbili. Mu Kijapani, kazi ya neno inafungwa nyuma yake, sawa etiketi ku mfuko wa mbegu. Panga mifuko vile unataka mu depo, etiketi inabaki kusema ndani mna nini. Kitenzi ndicho kinabaki mwisho.

Shida ilianza wakati wa kuandika. Wajapani walipata maandishi kutoka China, na Kichina hakifungi etiketi namna ile. Tena kinaweka kitenzi mbele ya kitu chenye kinafanyiwa. Mwandishi alikuwa na alama ya mwalimu, ya kitabu na ya kusoma, lakini ga na o angeziweka wapi?

Walipata majibu zaidi ya moja. La kwanza: kuchukua alama ya Kichina kwa sauti yake tu, bila kujali maana. Ndivyo zimeandikwa nyimbo nyingi za Man'yōshū, mkusanyiko wa mashairi wa karne ya 8. La pili tunaliona mu amri za mfalme zenye zimo mu Shoku Nihongi, kitabu cha historia kilichomalizika mwaka 797: maneno makubwa yaliandikwa kwa herufi kubwa, vineno kwa herufi ndogo pembeni. La tatu lilitoka kwa watawa wa Kibudha. Wakisoma vitabu vya Kichina kwa Kijapani, waliweka vidoti kuzunguka alama. Kidoti ku kona hii kinasomwa te, ku kona ingine ni, ku ingine wo, ku ingine ha. Kutoka hapo vineno vyote vikapata jina: teniwoha. Mpaka leo Mjapani akisema teniwoha za mtu haziko sawa, anataka kusema maneno yake hayashikamani.

Mu karne ya 9, alama zile za sauti zilipunguzwa zikawa herufi za kana, zenye mwanafunzi anajifunza leo ku juma la kwanza. Na hapo anakutana na fumbo: herufi は inasomwa ha, lakini ikiwa kineno inasomwa wa. Juu ya nini? Zamani sauti ya herufi hiyo ilikuwa karibu na f. Karibu na karne ya 11, sauti hiyo ikiwa katikati ya neno ililegea ikawa w. Kineno kinashikana na neno lenye liko mbele yake, kwa hiyo nacho kilipita njia ile ile, wakati ha ya mwanzo wa neno haikulegea. Mwaka 1946 serikali ilirekebisha tahajia ili watu waandike vile wanatamka, lakini vineno wa, e na o viliachwa na herufi zao za zamani.

Mwenye aliinua heshima ya vineno hivi ni Motoori Norinaga, daktari wa mji wa Matsusaka, aliyeishi kati ya 1730 na 1801. Aliandika kitabu kizima kuonyesha vile kineno cha katikati ya sentensi kinaamua mwisho wa kitenzi. Alikiita Kotoba no tama no o, maana yake uzi wa shanga za maneno. Shanga bila uzi zinamwangika.

Ga nayo ilibadili kazi. Zamani ilifanya kazi ya "ya", sawa no ya leo. Alama yake imebaki mu jina Sekigahara, pahali pa vita kubwa ya mwaka 1600: seki ni kizuizi, hara ni uwanda, yaani uwanda wa kizuizi.

Msamiati nao uko na matabaka, sawa udongo ukichimba shimo. Chini kuna maneno ya asili, juu yake ya Kichina, juu tena ya wageni. Pan, mkate, ilitoka kwa Wareno, wenye walifika mwaka 1543. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuko na bahati ndogo: ankēto ni enquête, konkūru ni concours. Na jina Honda, tunaloliona kila siku ku pikipiki, ni hon na ta, shamba kuu la mpunga. Shamba kavu ni hatake, na alama yake Wajapani waliitunga wenyewe: moto pembeni ya shamba la mpunga.

Sasa jaribu hii: Tanaka-san no hatake wa kawa no soba ni aru. Usikimbilie kamusi. Kata kwanza ku vineno. No ni "-a" yetu yenye inasomwa kinyume: Tanaka-san no hatake, shamba la bwana Tanaka. Wa inasema habari ni juu ya shamba hilo. Kawa no soba, kando ya mto. Ni inaonyesha pahali, aru ni kuwapo. Shamba la bwana Tanaka liko kando ya mto. Maneno ya kutafuta yalikuwa manne tu: hatake, kawa, soba na aru.

Basi mwenye anaanza aweke orodha ya maneno 300 pembeni kwa majuma mawili. Achukue vineno vitano, kila siku sentensi tatu, na kila sentensi aigeuze kuona nini kinahama na nini kinabaki. Msamiati utakuja wenyewe, juu utakuwa na pahali pa kukaa.