Merikani

Kitambaa chochote cha pamba, kizito, kisicho na maua, bibi yangu alikiita merikani. Alikishonea foronya, na akaweka vipande vyake sandukuni kwa ajili ya sanda. Nilidhani ni neno tu, kama kaniki. Nilipofika chuo ndipo nilipojua kuwa ni anwani.

Mwaka 1833 Seyyid Said aliingia mkataba wa biashara na Marekani. Merikebu za Salem, bandari ya Massachusetts, zilipakia pembe za ndovu na sandarusi Unguja, zikashusha majora ya pamba. Nguo hiyo ilifika hadi Unyamwezi, ikapokewa kama fedha. Mwaka 1847 kiwanda cha mvuke cha Naumkeag kilianza kazi Salem, na majora yake yakaja kuuzwa huku kwetu. Wafumaji wa mikono wa pwani ya Benadir walibanwa na mgeni huyo.

Kisha vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, 1861 hadi 1865, ikakatiza biashara ya pamba. Baadaye viwanda vya Bombay vilifuma kitambaa cha namna ileile, na kabla karne haijaisha vilikuwa vimelishika soko. Wanunuzi waliendelea kuomba merikani. Kazi ilihama, jina likabaki.

Nililikumbuka neno la bibi niliposoma habari za Kannapolis, North Carolina. Katika karne ya 20 viwanda vya Massachusetts vilishindwa na vile vya majimbo ya kusini, ambako ujira ulikuwa mdogo. Kannapolis ulikuwa mmoja wa miji hiyo ya kusini, ulioanzishwa na James William Cannon mwaka 1906 kwa ajili ya taulo na shuka. Mwaka 1999, baada ya miaka 25 ya kujaribu, wafanyakazi walipiga kura na kupata chama chao. Miaka minne baadaye, tarehe 30 Julai 2003, kampuni iliyomiliki viwanda hivyo, Pillowtex, ilifunga milango. Ilielemewa na madeni na bidhaa rahisi kutoka nje. Watu wapatao 6,450 walipoteza kazi, zaidi ya 4,000 kati yao Kannapolis na jirani zake. Wengi hawakuwa wamemaliza sekondari. Watu wazima wakarudi darasani kuanza upya.

Majengo yalibomolewa. Jina la Cannon likauzwa, likaendelea kushonwa kwenye taulo zilizofumwa ng'ambo.

Bei ndogo ilimfaa bibi, nami inanifaa, sikatai. Hununua khanga bila kutazama pindoni imechapwa wapi. Lakini unafuu huo tunagawana mamilioni ya watu, shilingi chache kila mmoja, na gharama yake huuangukia mji mmoja, siku moja. Kisha lebo hushonwa kwingine, na sisi madukani hatuoni kilichobadilika.