Elimu ya Bahari Isiyoandikwa

Visiwa vya Polinesia vimetawanyika katika bahari ya Pasifiki toka Hawaii upande wa kaskazini hata Nyuzilandi na Rapa Nui upande wa kusini. Mabaharia wa Ulaya walipovifikia walikuta vinakaliwa na watu wa lugha za asili moja. Swali likazuka: watu hawa walifikaje huko bila dira wala ramani?

Mwaka 1769 James Cook alipewa sehemu ya jibu. Tupaia, kuhani wa Raiatea, alipanda merikebu yake huko Tahiti, akamtajia visiwa vingi na pande vilipo. Walakini mwaka 1956 Andrew Sharp alitoa kitabu akidai kwamba visiwa vya mbali vilifikiwa kwa bahati tu, na wasafiri hawakujua waendako. Dai hili lilikuwa zito, maana liliwavua wahenga elimu yao.

Jibu lilitolewa majini. Tarehe 1 Mei 1976 chombo Hōkūleʻa, mitumbwi miwili iliyoungwa pamoja, kilitweka tanga Maui. Tarehe 4 Juni kikatia nanga Papeete, mwendo wa kilomita 4,000 na zaidi. Rubani wake, Mau Piailug, hakutumia dira. Usiku alitazama nyota zichomozapo na zituapo. Mchana alisoma jua na mawimbi makubwa yatokayo mbali, ambayo hushika njia yake hata upepo ukigeuka. Na ndege warudio nchi kavu jioni humjulisha rubani kwamba kisiwa ki karibu. Safari hiyo haikuthibitisha kila safari ya kale. Ilithibitisha kwamba lililodhaniwa haliwezekani lawezekana.

Lakini Mau hakuwa Mpolinesia. Alitoka Satawal, katika Mikronesia, kwani Hawaii haikubaki na mtu mwenye elimu hiyo. Hapo ndipo penye fundisho. Sharp alikosa kudhani kwamba kisichoandikwa hakikujulikana. Nasi tutakosa tukidhani kwamba kilichojulikana hakiwezi kupotea. Elimu ikaayo kifuani hufa pamoja na mwenyewe asipopata wa kumrithisha. Mau alilitambua hilo, akawafundisha wageni, ijapokuwa kwao elimu hiyo ilikuwa amana ya wachache. Mwaka 1980 mwanafunzi wake Nainoa Thompson, mzalia wa Hawaii, alikiongoza chombo kile kile hata Tahiti, akakirejesha. Mau alifariki mwaka 2010. Elimu yake haikuzikwa naye.