Maandalizi ya Bustani ya Viungo Kabla ya Mvua za Masika

Mvua za masika, ambazo kwa kawaida hunyesha kuanzia Machi hadi Mei katika maeneo yenye misimu miwili ya mvua, ukiwemo ukanda wa Pwani, ni fursa ya kuanzisha bustani ya viungo nyumbani. Hata hivyo, mvua hizo hizo huozesha mizizi ya mimea iliyopandwa mahali panapotuama maji. Kwa sababu hiyo, kazi kubwa hufanyika Februari, kabla udongo haujalowa.

Mkulima achague eneo linalopata jua kwa saa 6 au zaidi kwa siku, ang'oe magugu pamoja na mizizi yake, kisha atifue udongo kwa kina cha sentimita 30. Matuta yainuliwe kwa sentimita 20 hadi 30 na yawe na upana wa mita 1, ili palizi ifanyike bila kuyakanyaga. Samadi iliyooza vizuri ichanganywe na udongo wiki 2 kabla ya kupanda. Samadi mbichi huunguza mizizi na huleta mbegu za magugu.

Giligilani hupandwa moja kwa moja tutani, kwa kuwa mzizi wake mkuu hudhurika unapohamishwa. Mchaichai hupandwa kwa machipukizi yaliyotenganishwa kutoka shina la zamani. Mnanaa, ambao hutambaa na kuvamia mimea mingine, ni vyema upandwe katika chombo chenye matundu.

Wananchi wanashauriwa kufuatilia utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, kwani manyunyu ya mwanzo si ishara tosha kwamba masika yameanza.