Tathmini za Vifaa, Programu na Vitabu vya Kompyuta za Nyumbani nchini Uingereza, 1981–1984: Thamani Yake kama Ushahidi wa Kihistoria

Makala haya yanachunguza tathmini za bidhaa zilizochapishwa katika majarida ya kompyuta za nyumbani nchini Uingereza kati ya mwaka 1981 na 1984. Swali linaloongoza uchunguzi ni la kimbinu: mwanahistoria azisadiki tathmini hizo kwa kiasi gani? Ziliandikwa na watu walioshika bidhaa mikononi mwao, lakini zilichapwa kurasa chache tu kutoka kwenye matangazo ya bidhaa zilezile. Msimamo wa makala haya ni kwamba tathmini hizo ni ushahidi dhaifu kuhusu ubora wa vifaa vilivyopimwa, ila ni ushahidi madhubuti kuhusu upungufu wa kompyuta zenyewe. Neno tathmini limeteuliwa kwa makusudi. Uhakiki, katika mazoea ya Kiswahili, umefungamana na fasihi, na wanunuzi hawa hawakutafuta maudhui wala mtindo. Walitaka kujua kama pauni zao zingepotea.

Kompyuta ya ZX81, iliyotolewa na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge mwezi Machi 1981, ni mfano unaofaa. Iliuzwa pauni 49.95 kwa mnunuzi aliyekuwa tayari kuiunganisha mwenyewe, na pauni 69.95 ikiwa imekamilika. Bei hiyo ilikuwa ndogo kwa wakati wake, na sababu za udogo huo zilionekana wazi: kumbukumbu ya kilobaiti 1 tu, na kibodi bapa isiyo na vitufe vya kubonyea. Aliyetaka kuandika programu ya maana alilazimika kununua pakiti ya kumbukumbu ya kilobaiti 16, ambayo mwanzoni nayo iliuzwa pauni 49.95. Kwa maneno mengine, kifaa cha ziada kilikuwa na bei sawa na kompyuta ambayo haijaunganishwa.

Pakiti hiyo ilichomekwa nyuma ya kompyuta bila kitu chochote cha kuishikilia. Ikitikisika kidogo, kompyuta iliganda na kazi yote iliyokuwamo ikapotea. Upotevu huo haukuwa mdogo, kwa kuwa programu zilihifadhiwa kwenye kaseti za kawaida za muziki, na kupakia programu ya kilobaiti 16 kuliweza kuchukua zaidi ya dakika tano. Watumiaji walibana pakiti zao kwa gundi laini ya kubandikia karatasi ukutani. Makampuni mengine, Memotech ikiwa mojawapo, yalijipatia soko kwa kutengeneza pakiti zao za kumbukumbu. Basi mtathmini alipoipima pakiti mpya, swali lake la kwanza halikuwa ukubwa wa kumbukumbu bali kama itatulia mahali pake. Swali hilo linatueleza zaidi kuhusu ZX81 kuliko kuhusu pakiti yenyewe.

Hapa ndipo mazingira ya majarida yanapopaswa kuzingatiwa. Jarida la Sinclair User, lililoanza mwaka 1982, lilibeba katika jina lake chapa ya mashine ambayo wasomaji wake walikuwa wamekwisha kuinunua. Jarida la namna hiyo lingewezaje kuihukumu vikali mashine ambayo uhai wake uliitegemea? Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, lawama ambayo ingeielekea kompyuta ilipata njia ya pembeni: ilisemwa kupitia kibodi mpya iliyosifiwa kwa kuwa na vitufe halisi, au pakiti iliyosifiwa kwa kutotikisika. Sifa ya kifaa ilikuwa lawama ya kompyuta.

Tathmini za programu zilifuata njia tofauti kidogo. Bidhaa nyingi ziliuzwa kwa njia ya posta, hivyo mnunuzi hakuweza kuijaribu programu kabla ya kulipa. Jarida la Crash, lililochapishwa Ludlow kuanzia mwaka 1984 kwa watumiaji wa ZX Spectrum, lilitokana na biashara ya kuuza michezo kwa posta, na liliwatumia wanafunzi wa shule za mji huo kama watathmini. Liligawa hukumu katika vipengele, kikiwamo thamani kwa fedha iliyolipwa, na kila kipengele kikapewa asilimia. Usahihi wa tarakimu hizo ni wa kudhaniwa tu. Tofauti kati ya asilimia 84 na 86 haiwezi kuthibitishwa na yeyote. Maoni ya vijana watatu waliotofautiana kuhusu mchezo mmoja, yaliyowekwa sambamba, yana uzito mkubwa zaidi kwa mtafiti.

Vitabu navyo vilidai kazi ya mikono. Vingi vilikuwa na orodha za programu ambazo msomaji alizichapa mwenyewe, na herufi moja iliyokosewa na mpiga chapa iliharibu kazi ya jioni nzima. Mtathmini ambaye hakuzichapa hakuwa amekisoma kitabu. Mwongozo uliouzwa pamoja na ZX81 uliandikwa na Steven Vickers, ambaye pia aliandika sehemu kubwa ya programu iliyokuwa ndani ya mashine hiyo. Kinyume chake, kitabu cha Ian Logan na Frank O'Hara cha mwaka 1983, kilichofafanua programu ya ndani ya Spectrum amri kwa amri, kilitoka nje ya kampuni na kilitaja makosa yaliyokuwamo. Vitabu hivyo viwili havistahili kupimwa kwa kipimo kimoja.

Jambo la mwisho linahusu tarehe. Kifaa cha kuhifadhia data kiitwacho Microdrive kilitangazwa pamoja na Spectrum mwezi Aprili 1982, lakini kilianza kuuzwa mwaka 1983. Mtafiti anayetegemea matangazo atakiweka sokoni kabla ya wakati wake. Tathmini ya mtu aliyekitumia ni ushahidi bora zaidi kwamba kilikuwapo, ingawa hata hapo inabidi kuchunguza kama alipewa kifaa cha majaribio au kile ambacho wanunuzi waliletewa na posta.