Muhuri wa Chupa na Jina la Mwenye Mali

Tarehe 23 Oktoba 1663, Samuel Pepys, mtumishi wa serikali jijini London, aliandika katika shajara yake kwamba ameziona chupa zake mpya, zenye nembo yake, zikijazwa mvinyo. Dazeni tano au sita. Nembo kama hiyo ilipigwa chapa juu ya donge la kioo cha moto lililobandikwa begani mwa chupa.

Pepys twamjua kwa sababu aliandika. Aliyeacha herufi mbili tu humlazimu mtafiti kulinganisha umbo la chupa, mahali ilipochimbuliwa, wosia na daftari za kanisa. Tena akumbuke kwamba zamani I iliandikwa pia badala ya J.

Hata jina likipatikana, ni la mwenye mali. Fundi aliyepuliza kioo hatajwi. Je, nyaraka zetu zimehifadhi majina ya nani?